Seti za vifaa vya shule forodhani: msimbo mmoja, au kila kitu na msimbo wake?

Swali: Naagiza seti za vifaa vya shule za aina tatu kutoka kwa muuzaji mmoja wa nje. Ya kwanza ni mkebe wa hisabati: bikari, kipimapembe, rula, rula mbili za pembetatu, penseli, kifutio na kichongeo, vyote ndani ya kikasha cha bati. Ya pili ni kipochi cha kitambaa chenye zipu, na ndani yake kuna kalamu nne za wino za ncha ya gololi, kalamu mbili za maka, penseli mbili za mbao, kifutio, kichongeo na rula fupi. Ya tatu ni begi la mgongoni lenye madaftari sita, penseli za rangi, gundi, mkasi, chupa ya maji na kikasha cha chakula. Kwenye ankara muuzaji ameandika msimbo mmoja kwa zote, 9608.10. Wakala wangu wa forodha anataka kila kitu kitangazwe peke yake. Mwenzangu anayefanya biashara kama hii anasema zote ni 4820, kwa kuwa hicho ndicho kifungu cha vifaa vya kuandikia. Nani yuko sahihi? Na je, naruhusiwa kumwambia muuzaji abadili ufungaji ili ushuru upungue?

Jibu: Ndugu yangu, kati ya hao watatu hakuna aliyepata zote. Wakala wako yuko sahihi kwa begi, lakini mkebe na kipochi hapaswi kuvivunjavunja. Muuzaji amekaribia jibu la kipochi, na nadhani ni kwa bahati tu. Mwenzako amekosa kote, na kosa lake nitaanza nalo kwa sababu nimelisikia kwa watu wengi.

Kifungu cha 48.20 kinataja madaftari ya hesabu, madaftari ya mazoezi, pedi za barua, mafaili na kadhalika, kisha kinaongeza "na vifaa vingine vya kuandikia". Wengi husoma hadi hapo na kufunga kitabu. Maneno yanayofuata ndiyo yenye uzito: "vya karatasi au kadibodi". Kalamu haiingii hapo, wala rula, wala kifutio. Kuna mtego wa pili unaofanana na huo, kifungu kidogo cha 3926.10, kinachotaja waziwazi vifaa vya ofisi au vya shule vya plastiki. Mtu akiona neno "shule" hutupia seti nzima humo. Lakini Sura ya 39 (sura ni tarakimu mbili za kwanza za msimbo) ina maelezo yake mwanzoni yanayotoa nje ya sura hiyo bidhaa za Sura ya 90, bidhaa za Sura ya 96 zikiwemo kalamu, na mikoba na vifuko vya 42.02. Kinachobaki kwa 3926.10 ni vitu kama kifutio cha plastiki au kibao cha plastiki cha kubania karatasi.

Hakuna kifungu cha "seti ya vifaa vya shule". Orodha ya ushuru haiulizi kwanza nani atatumia kitu. Inauliza kitu ni nini, na mara nyingi kimetengenezwa kwa nini. Mfumo wenyewe, tunaouita HS, unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani (WCO) chini ya mkataba uliopitishwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za kwanza za msimbo ni zilezile kwa nchi zote zinazoufuata. Zinazozidi sita huwekwa na kila nchi au kila umoja wa forodha, na viwango vya ushuru vivyo hivyo. Ndiyo maana hapa sitakupa viwango, nitakupa tarakimu. Tarakimu nne nitaziita kifungu, na sita nitaziita kifungu kidogo.

Seti ni nini machoni pa forodha

Mfumo una Kanuni Sita za Jumla za kufasiri orodha, na hutumiwa kwa mpangilio. Ya kwanza inasema majina ya sehemu na sura ni ya kurahisisha kutafuta tu. Kinachoamua ni maneno ya vifungu na maelezo ya sehemu na sura. Ukipata jibu hapo, unaishia hapo. Seti yenye vitu vya vifungu mbalimbali haipati jibu hapo, kwa hiyo unashuka hadi Kanuni ya 3. Kipengele cha (a), kinachopendelea kifungu mahususi zaidi, hakisaidii, maana kanuni yenyewe inasema vifungu vinavyogusa kila kimoja sehemu tu ya vitu vilivyomo kwenye seti vihesabiwe kuwa mahususi sawasawa. Unafika kwenye 3(b): bidhaa zilizofungwa katika seti kwa mauzo ya rejareja huainishwa kama kwamba seti nzima ni kile kitu kinachoipa sifa yake kuu.

Sasa, neno "seti" kwenye sanduku si ushahidi. Maelezo Fafanuzi ya WCO, yaani ufafanuzi rasmi wa orodha hiyo, yanaweka masharti matatu, na yote lazima yatimie. Kwanza, kuwe na angalau vitu viwili tofauti ambavyo kila kimoja kingeenda kifungu chake. Penseli kumi na mbili za rangi ndani ya pakiti si seti kwa maana hii hata mtengenezaji akiandika hivyo kwa herufi za dhahabu. Ni penseli tu, 9609.10, na hoja imekwisha. Pili, vitu hivyo viwe vimewekwa pamoja ili kukidhi hitaji mahususi au kufanya kazi mahususi. Tatu, viwe vimefungwa kwa namna inayofaa kumfikia mtumiaji wa mwisho bila kufungwa upya.

Sharti la tatu huangaliwa bidhaa zinapoletwa forodhani. Kalamu zikija katoni moja, vipochi katoni nyingine, na nia yako ni kuvipanga ghalani kwako baada ya kutoa mzigo, usitegemee kuitwa seti. Tangaza kila kimoja.

Sharti la pili ndilo linaloleta mabishano. "Mahitaji ya mwanafunzi" ni jambo pana mno. Mwanafunzi anahitaji viatu, mswaki na sare pia. Maelezo Fafanuzi yanatoa mfano wa kukataliwa: kopo la kamba wa baharini, kopo la ini la kusaga, jibini, nyama ya nguruwe iliyokatwa na kopo la soseji, vyote kwenye boksi moja la zawadi. Vyote ni chakula, vyote vitaliwa na mtu mmoja, lakini havitengenezi mlo mmoja. Kwa upande wa pili, tambi kavu, jibini iliyokunwa na kopo dogo la mchuzi wa nyanya ni seti, kwa kuwa vinaingia kwenye sahani moja, na seti hiyo huenda kwenye kifungu cha tambi. Unapopima boksi lako, jiulize kama vitu vilivyomo vinafanya kazi moja pamoja. Kumilikiwa na mtoto mmoja hakutoshi.

Mkebe wa hisabati

Hapa huna haja ya kubishana na mtu, kwa sababu Maelezo Fafanuzi yenyewe yameutaja karibu neno kwa neno. Miongoni mwa mifano ya seti zinazokubalika kuna seti ya kuchorea yenye rula, kikokotoo cha duara na bikari, vyote vya 90.17, pamoja na penseli ya 96.09 na kichongeo cha 82.14, ndani ya kifuko cha plastiki ya tabaka cha 42.02. Jibu lililoandikwa pale ni 90.17. Mkebe wako una vifaa vya 90.17 vitano, na hivyo vingine ni vya kusaidia: penseli huingia kwenye bikari, kichongeo huichonga, kifutio hufuta mstari uliokosewa. Kwa tarakimu sita ni 9017.20, vifaa vya kuchora, kutia alama au kukokotoa kihisabati.

Kikasha cha bati kisikuhangaishe. Kanuni ya 5(a) inataja makasha ya vifaa vya kuchorea kwa jina: yakiwa yameumbwa mahususi kwa vitu hivyo, yanafaa kutumika muda mrefu, na yameletwa pamoja navyo, yanafuata msimbo wa vitu. Kama bati lako lina trei yenye nafasi ya bikari na ya kipimapembe, ndilo hilo. Kama ni bati tupu lisilo na umbo lolote ndani, bado ni sehemu ya seti na jibu halibadiliki.

Angalizo moja. Siku hizi yako masoko ambako mkebe umepunguzwa mpaka unabaki na rula moja ya plastiki na kipimapembe chepesi, halafu penseli kumi na kalamu tano za kujaza nafasi. Jina kwenye kifuniko bado ni "hisabati". Huo usiupeleke 90.17 kwa mazoea. Ufungue na uupime upya kama tutakavyopima kipochi.

Kipochi

Hiki ndicho kigumu kati ya vyako vitatu, na ndicho ambacho maofisa wawili wanaweza kukitazama na kusema tofauti, kila mmoja akiwa na hoja.

Masharti ya seti yanatimia. Vitu ni vya vifungu mbalimbali: kalamu za wino na maka ni 96.08, penseli za mbao ni 96.09, kichongeo ni 82.14, rula ni 90.17, kifutio ni 40.16 au 39.26 kutegemea mali yake, kipochi cha kitambaa ni 42.02. Kazi ni moja, kuandika na kuchora darasani. Na kimefungwa tayari kutundikwa dukani.

Swali linabaki sifa kuu. Maelezo Fafanuzi hayatoi kipimo kimoja. Yanataja asili ya kitu, ukubwa wake, wingi, uzito au thamani, na nafasi yake katika matumizi ya bidhaa nzima, na yanasema inategemea aina ya bidhaa. Watu hukimbilia thamani kwa kuwa ni rahisi kuihesabu kwenye ankara. Mimi huanza na nafasi ya kitu katika matumizi, kisha thamani na wingi huja kuthibitisha au kukanusha. Kwenye kipochi chako kazi ni kuandika. Vinavyoandika ni kalamu nne, maka mbili na penseli mbili. Kifutio na kichongeo vipo kwa ajili ya penseli, rula ni ya kupiga mistari, na kipochi ni cha kuvibeba.

Je, kipochi chenyewe? Mara nyingi ndicho kitu ghali kuliko vyote ndani ya seti, na ndicho kinachovutia mtoto kwa picha yake. Kanuni ya 5(a) haikihusu, maana hakikuumbwa kwa ajili ya kalamu fulani. Unaweza kutia chochote. Kwa hiyo kinahesabiwa kama kitu kimojawapo cha seti na kina haki ya kugombea sifa kuu. Kama kingekuwa kikubwa, chenye vyumba viwili na mshono mzuri, huku ndani yake mna kalamu mbili tu za kutupwa, ningekuambia bila kusita uende 42.02. Kwa orodha uliyoandika, yenye vitu vinane vya kuandikia, kipochi chepesi cha zipu moja hakifiki huko. Lakini pata bei ya kila kitu kutoka kwa muuzaji kabla ya kuamua. Ikionekana kipochi peke yake kinabeba zaidi ya nusu ya gharama, ujue ofisa ataliuliza hilo kabla ya kitu kingine chochote, nawe uwe na jibu.

Tukibaki na vya kuandikia, 96.08 ina vitu sita na 96.09 ina viwili. Maelezo Fafanuzi yanaruhusu kutazama "kitu, au vitu vikichukuliwa pamoja", kwa hiyo kalamu na maka husimama upande mmoja. Kwa wingi, na karibu hakika kwa thamani, 96.08 inashinda.

Ukishapata kifungu unaingia kwenye tarakimu sita kwa Kanuni ya 6, na hapa ndipo muuzaji wako alipopotea. Kalamu za ncha ya gololi ni 9608.10, maka za ncha ya sponji ni 9608.20. Ila ipo 9608.50, iliyowekwa mahususi kwa seti za vitu vya vifungu vidogo viwili au zaidi kati ya vile vinavyoitangulia. Kwa kuwa sifa kuu imetokana na kalamu na maka kwa pamoja, 9608.50 ndiyo ningeiandika, si 9608.10. Usiitumie tu kwa mchanganyiko wa kalamu na penseli ya mbao peke yake ukidhani nayo ni seti ya 9608.50. Penseli ya mbao iko nje ya 96.08, penseli ya kusukuma risasi, ile ya 9608.40, ndiyo iliyo ndani.

Tuseme muuzaji abadili mchanganyiko: kalamu tatu za gololi, penseli tatu za mbao, thamani sawa, hakuna maka. Hapo huwezi kusema kwa dhati nani mkuu. Kanuni ya 3(c) inakuja: chukua kifungu cha mwisho kwa mpangilio wa namba kati ya vile vinavyostahili kufikiriwa kwa usawa. Jibu ni 96.09. Soma maneno hayo kwa makini. Si kifungu cha mwisho kati ya vyote vilivyomo kwenye boksi. Ni kati ya wanaogombea kwa usawa. Nimeona watu wakipanga vitu vyote kwenye mstari na kuchukua namba kubwa, hata kama namba hiyo ni ya kitu kidogo kilichobandikwa pembeni. Kitu ambacho hakina nguvu ya kuipa seti sifa yake hakiingii kwenye 3(c).

Begi

Begi lako halipiti sharti la pili. Chupa ya maji na kikasha cha chakula ni vya kula na kunywa. Madaftari na penseli ni vya kuandikia na kuchorea. Begi ni la kubebea kila kitu, kuanzia vitabu hadi koti la mvua. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote huenda shule, na nimeshasema hilo ni pana mno. Wakala wako ana haki hapa.

Ikishindikana kuwa seti, kila kitu kinarudi kwenye kifungu chake. Madaftari ya mazoezi ni 4820.20, wakati daftari dogo la kumbukumbu ni 4820.10, tofauti hiyo hubadili ushuru mahali pengi, basi usiziunganishe. Penseli za rangi ni 9609.10, na kama muuzaji atabadili kuweka krayoni za nta zisizo na ganda, hizo ni 9609.90. Gundi iliyofungwa kwa rejareja isiyozidi kilo moja ni 3506.10. Mkasi ni 82.13. Chupa ya plastiki na kikasha cha chakula cha plastiki ni 39.24, chupa ikiwa ya kuhifadhi joto kwa utupu ni 96.17, na kikasha kikiwa mfuko laini wenye tabaka la kuzuia joto ni 42.02.

Begi lenyewe ni 42.02, lakini kifungu hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza inataja masanduku ya safari, mikoba ya nyaraka na mikoba ya shule. Ya pili inataja mabegi ya mgongoni, mifuko ya manunuzi na mengineyo, kwa masharti ya mali yaliyotengenezwa nayo. Kwa uso wa nje wa plastiki ya tabaka au kitambaa, mkoba wa shule ni 4202.12 na begi la mgongoni ni 4202.92. Begi la mtoto lenye mikanda miwili ya mabegani linaweza kuvutwa pande zote mbili. Piga picha za mbele, nyuma na ndani, na uone nchi yako imeamuaje mabegi ya namna hiyo.

Labda utauliza: tukitoa chupa na kikasha cha chakula, je, kilichobaki kitakuwa seti? Mimi bado ningesita. Begi zima la mgongoni hutumika miaka, thamani yake humeza vingine vyote, na kazi yake haikomi kwenye hayo madaftari sita. Mtu akilazimisha liwe seti, sifa kuu itaangukia begi na madaftari yatatozwa kama begi. Hiyo ni hasara unayojiletea mwenyewe mahali ambapo mabegi yanatozwa juu kuliko madaftari.

Vitu vidogo vinavyopotosha

Kifutio kinaonekana hakina maana mpaka ukitangaze peke yake. Cha mpira uliovulkanishwa ni 4016.92. Vingi vinavyouzwa leo, vile vyeupe laini, ni vya plastiki, na hivyo ni 3926.10. Kwa macho hutambui. Muulize muuzaji akuandikie mali yenyewe, na usikubali jibu la "raba".

Kichongeo cha plastiki chenye wembe wa chuma hakiendi kwenye plastiki. Makali ya chuma ndiyo kichongeo, na 8214.10 inavitaja vichongeo vya penseli kwa jina. Kile cha mezani cha kuzungusha mkono au cha umeme ni mashine ya ofisi, na 84.72 inazitaja mashine za kuchongea penseli.

Kikokotoo cha elektroniki kikiingia kwenye seti, simama ufikiri upya. Ni 8470.10, na thamani yake mara nyingi huzidi kila kitu kilichozunguka. Rangi za maji zenye brashi ni 3213.10, rangi zilizo katika seti, na Maelezo Fafanuzi ya kifungu hicho yanakubali brashi na vibao vya kuchanganyia ndani yake bila kwenda mbali kwenye Kanuni ya 3. Kitabu cha watoto cha kupaka rangi ni 49.03, kikija na krayoni nne kwenye pakiti moja, kwa kawaida kitabu ndicho kinachobeba. Udongo wa kufinyangia wa watoto ni 34.07. Na wanasesere wakianza kuingia kwenye boksi, soma Maelezo ya 4 ya Sura ya 95: mkusanyiko usiokidhi masharti ya seti unaweza bado kwenda 95.03 kama umefungwa pamoja kwa rejareja na kwa ujumla wake una sifa ya kuwa mchezo wa watoto. Kalamu yenye kichwa cha sungura bado ni kalamu.

Karatasi

Ankara inayosema "seti za vifaa vya shule, katoni 400" inamwachia ofisa aamue peke yake, na ataamua kwa kile alichokiona kwanza alipofungua katoni. Mtake muuzaji atoe orodha ya yaliyomo kwa kila aina ya seti: kitu, idadi, mali iliyotumika, uzito, thamani ya kimoja. Ongeza picha ya boksi lililofungwa na picha ya vitu vikiwa vimetandazwa mezani. Kwa begi, thamani ya kila kitu ni lazima, kwa sababu kila mstari utatozwa kivyake. Msimbo wa muuzaji uchukue kama fununu tu. Yeye huuandika kwa mauzo yake ya nje, pengine kwa kufuata marejesho ya kodi ya huko kwao, na adhabu ya kukosea unaibeba wewe uliyetia tamko.

Kwa kipochi, omba uamuzi wa awali kabla mzigo haujapakiwa. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, inahusu maamuzi ya namna hiyo, na uainishaji ni mojawapo ya mambo ambayo uamuzi hutolewa. Unapeleka sampuli, orodha ya yaliyomo na hoja yako, na jibu linaifunga forodha kwa bidhaa hiyohiyo kwa muda uliowekwa. Andika hoja yako ukitaja kanuni kwa namba na kwa nini 42.02 haifai, ombi linalosema tu "tafadhali tupatieni msimbo" hukaa. Ukiona uamuzi wa zamani wa bidhaa kama yako, angalia ni wa toleo gani la orodha. Linalotumika sasa lilianza tarehe 1 Januari 2022, na lijalo limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028.

Jambo ambalo watu hulisahau: kuitwa seti hakufuti masharti mengine ya vitu vilivyomo. Ushuru wa kuzuia bidhaa kuuzwa chini ya bei halali hufuata maelezo ya bidhaa na mahali ilipotoka, na msimbo ni mwongozo tu. Marekani, kwa mfano, tangu 1994 ina amri ya namna hiyo juu ya penseli zenye ganda kutoka China. Mwagizaji wa huko hawezi kutegemea kwamba penseli zimepotea machoni kwa kuwa ziko kwenye mkebe wa 90.17. Asili nayo ina hesabu yake: kama unadai nafuu ya mkataba wa biashara huru, mikataba mingi inataka vitu vyote vya seti viwe na asili ya huko, au visivyo na asili hiyo visizidi kiasi fulani cha thamani, na asilimia 15 ni kikomo kinachoonekana mara kwa mara.

Kubadili ufungaji

Unaruhusiwa. Bidhaa huainishwa jinsi ilivyo inapofika forodhani, na hakuna kanuni inayokukataza kuchagua iweje. Ukimwambia muuzaji apunguze penseli na kuongeza kalamu, au atume mabegi katoni zake na madaftari katoni zake, huo ni mpango wa biashara. Kinachokatazwa ni kubadili karatasi na kuacha mzigo ulivyo: kuandika "mkebe wa hisabati" juu ya boksi la kalamu, au kushusha bei ya kipochi na kuipandisha ya kalamu ili sifa kuu ihame. Fanya kwanza hesabu pande zote mbili, maana seti si kila mara nafuu. Mkebe wako ukienda wote 90.17, penseli na kifutio vinafuata kiwango cha 90.17, kiwe cha juu au cha chini, na huna ruhusa ya kuvitoa ndani ya tamko huku vikiwa bado ndani ya bati. Kama kiwango cha 90.17 kwenu kinakuumiza, njia ni kuagiza penseli na vifutio kwa katoni zake na mkebe ubaki na vifaa vya kuchorea peke yake. Gharama ya kufunga upya uiweke kwenye hesabu kabla ya kumwandikia muuzaji.